Namna ya Kuiongoza Sauti Yako Unapozungumza kwa Spika Uwanjani

Anayeitwa kuzungumza kwenye mnada wa korosho, iwe Newala, Masasi au Nachingwea kusini mwa Tanzania, mara nyingi husimama karibu na ghala lenye kuta pana, huku spika kubwa zikiwa zimefungwa mbali naye. Maneno yake humrudia yakiwa yamechelewa, naye huanza kuburuta silabi na kukwama, hata wasikilizaji wakadhani ameingiwa na woga. Woga si chanzo. Kila tunapozungumza, ubongo hutabiri sauti itakayosikika na kuilinganisha na ile inayoingia masikioni. Zikioana tunahisi kwamba sisi ndio tunaoyaongoza maneno, na zikipishana hisia hiyo hulegea na ulimi nao huyumba.

Mtafiti Bernard Lee wa Marekani alilieleza tatizo hili mwaka 1950, na imebainika kwamba sauti inayochelewa kwa takriban milisekunde 200, yaani sehemu moja ya tano ya sekunde, ndiyo inayovuruga zaidi. Kwa kuwa sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, spika iliyo umbali wa mita 68, au ukuta ulio umbali wa mita 34 ambao sauti huuendea na kurudi, hutosha kuleta balaa hilo.

Kwa hiyo, kabla watu hawajafika, simama mahali utakapozungumzia, piga kofi moja kali na usikilize. Ukisikia mwangwi uliojitenga na kofi, sogea hadi karibu na ukuta, uupe mgongo, na spika zielekezwe kwa wakulima. Kisha mwombe fundi mitambo akuwekee spika ndogo miguuni, ikikuelekea wewe, ili sauti yako ikufikie mapema kuliko ile inayotoka mbali. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, na spika hiyo iunganishwe kwa waya, kwa sababu Bluetooth nayo huchelewesha sauti.

Spika ndogo isipopatikana, ziba kwa kidole sikio lililo upande wa spika kubwa. Sauti inayopita kwenye mifupa ya fuvu haicheleweshwi na umbali, na sikio likizibwa huisikia kwa nguvu zaidi.

Jenereta lisogezwe mbali. Étienne Lombard, daktari Mfaransa, alionesha mwaka 1911 kwamba mtu asiyejisikia vizuri kwa sababu ya kelele hupaza sauti bila kukusudia, na ndivyo wengi wanavyokaukiwa na koo kabla mkutano haujafika nusu.

Unaposoma bei za wanunuzi, taja tarakimu zote za bei moja, nyamaza mpaka mwangwi upotee, ndipo utaje inayofuata, maana mkulima aliyeketi nyuma kabisa ataamua kuuza au kukataa kwa kutegemea alichokisikia.