Vile utapanga duka lako kabla ya mvua, na cha kufanya maji yakiingia

Mimi nauza nafaka Mukuru, hapa Nairobi, sio mbali na mto Ngong, na hii naandikia wale wenzangu wako na maduka, vibanda, saluni, posho mili, yaani wote wenye biashara ziko pale chini karibu na mto ama mtaro. Masika ni Machi mpaka Mei, vuli ni Oktoba mpaka Disemba, kwa hivyo hii kitu haitushtukizi. Lakini Aprili 2024 tuliona Mathare na huku kwetu vile maji yanaweza kuja watu wamelala, kwa hivyo kazi kubwa ni ile unafanya jua likiwa bado linawaka.

Hatua ya 1: weka alama ya kuondoka

Hii ndio muhimu kushinda zingine zote. Toka nje uangalie maji huanzia wapi, mara nyingi hata sio mto, ni mtaro umezibwa na takataka, ama ni sua (bomba la maji taka) inarudisha maji kupitia choo. Uliza wenye wamekaa hapo miaka mingi wakuonyeshe kwa ukuta 2024 yalifika wapi. Alafu chukua rangi, chora mistari miwili kwa nguzo ama ukuta wenye unaonekana kutoka mlangoni: maji yakigusa wa njano mnaanza kuinua vitu, yakigusa mwekundu mnafunga na mnaenda, bila mjadala. Ambia kijana wa duka, ambia mke ama mzee wako nyumbani. Kwa nini uamue mapema? Kwa sababu maji yakiwa mlangoni unaangalia yale magunia unasema wacha nitoe moja tu, alafu moja tena, na watu wamebebwa na maji hivyo.

Hatua ya 2: inua stoku

Usiweke gunia kwa sakafu hata kama ni kiangazi. Linavuta maji kama utambi wa koroboi, unakuta maji yalikuwa kidogo tu chini lakini unyevu umepanda mpaka katikati. Weka paleti juu ya mawe ya jengo, bei ghali ikae juu kabisa, bei rahisi chini. Friji na mizani ya stima pia ziinuliwe. Kama unauza dawa ya panya ama ya mimea, weka kwa ndoo yenye kifuniko kinafunga vizuri, juu, mbali na chakula, kwa sababu ikielea na ipasuke umepoteza kila kitu. Soketi zikiwa chini, lipa fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA (ile mamlaka ya serikali ya kawi) azipandishe.

Hatua ya 3: karatasi na pesa

Piga picha leseni ya kaunti, kitambulisho, risiti, na kitabu cha madeni (hiki watu husahau!), utumie mtu unayemwamini WhatsApp. Kila mwezi chukua video ya stoku. Kama una bima, uliza ajenti akuandikie kama mafuriko imo, usikubali jibu la mdomo. Pesa ya siku isilale dukani.

Hatua ya 4: mtaro na magunia ya mchanga

Zibueni mtaro pamoja na majirani kabla ya mvua, ukizibua mbele yako peke yako haisaidii sana. Gunia la mchanga jaza nusu hivi, kunja mdomo, panga kama matofali, tandika nailoni upande wenye maji yanakujia. Itapunguza maji, haitayazuia kabisa, kwa hivyo usilale humo ndani ati unalinda stoku.

Hatua ya 5: maji yakija

Zima stima kwa meni switchi wakati mikono na miguu yako bado iko kavu, na ufunge gesi. Kama maji yamefika kwa soketi ama umesimama ndani ya maji, usiguse kitu, toka, pigia Kenya Power 97771. Na huku kwetu nyumba ni za mabati na waya zimepita ovyo, ukuta wa mabati unaweza kuwa na stima na hauoni, kwa hivyo usishikilie ukuta ukitembea.

Maji yanayokimbia, hata sentimita 15 tu, yanaweza kukuangusha, na chini yake unaweza kukuta manholi haina kifuniko. Tafuta mahali pa juu. Red Cross ni 1199, polisi 999 ama 112.

Hatua ya 6: kurudi

Rudi mchana. Piga picha kila kona kabla hujagusa kitu na uzitume kwa ajenti wa bima siku hiyo hiyo. Stima isiwashwe mpaka fundi aangalie. Vaa gambuti na glovu, hayo ni maji ya choo. Toa matope, osha na sabuni, alafu Jik (ile dawa ya klorini ya kuua viini) kikombe kimoja, kama robo lita, kwa ndoo ya lita 20, na usichanganye na ile asidi ya kuosha choo, moshi wake unaumiza mapafu. Tafadhali msiwashe jiko la makaa ndani ya duka limefungwa ati likauke, ile hewa inaua na haina harufu. Mtu akianza kuhara sana, hospitali mara moja, kipindupindu hakingoji.

Sasa nafaka. Mahindi, maharagwe, unga, sukari yenye imeguswa na maji hayo, tupa. Najua inauma, hiyo ni mtaji. Kuna mtu atakuambia anika tu juani, lakini mahindi ya kuweka stoo hayafai kupita unyevu wa asilimia 13.5, na yakilowa ukungu unaingia na kuleta aflatoksini, yaani sumu ya ukungu, na hiyo haiishi kwa kupika. Mwaka 2004 iliua watu 125 Ukambani na maeneo ya karibu. Na yule wa kununua bei ya kutupa atengeneze chakula cha ng'ombe pia usimuuzie, sumu inapita mpaka kwa maziwa, na hayo maziwa yanakuja kunywewa na watoto wa hapa hapa. Mimina Jik juu ya hayo magunia kabla yaende jalalani, ndio mtu asiyaokote ayauze tena.