Kujiundia ampu ya valvu (kikuza sauti cha zile taa za kioo) hapa Amu, yaani Lamu, anza na transfoma

Kama kwenu kuna redio ya mbao ya babu imekaa juu ya kabati na haiimbi tena, usimpe mtu wa chuma chakavu, manake ndani yake mna kitu kigumu kupata kuliko valvu zenyewe, nayo ni transfoma ya spika. Valvu bado zauzwa, EL84 ama ile ya Warusi 6P14P yafanya kazi ileile, unaagiza tu yashuka Mokowe na mizigo mingine. Lakini ampu yenye valvu moja tu ya kusukuma spika yataka transfoma ambayo chuma chake kimeachwa kipengo chembamba kwa sababu mkondo wa DC (stima ya kwenda upande mmoja tu) unapita humo muda wote, ukiweka transfoma ya kawaida ya stima chuma kinashiba na besi yote yapotea. Tafuta ya omu 5,000 hivi upande wa valvu na 8 upande wa spika.

Na kabla hujachomoa valvu za redio soma herufi ya kwanza ya jina lake. E ni heta (waya wa kupasha valvu moto) ya volti 6.3. U ni mambo mengine kabisa, UL84 heta yake ni volti 45, na hizo redio za U nyingi chesisi yenyewe (fremu ya chuma) yaweza kuwa na stima, usiiguse ikiwa imechomekwa.

Fanya chaneli moja kwanza. Transfoma ya stima itoe volti 190 na 6.3, daraja la daiodi 1N4007 nne, kapasita ya 47µF ya volti 450, rezista ya omu 100 wati 5, kapasita nyingine kama hiyo. Fyuzi lazima, na chesisi ifungwe ethi. Nusu ya ECC83, valvu ndogo yenye valvu mbili ndani ya kioo kimoja, yatosha kwa mbele: rezista ya omu 100k (k ni elfu) kwenye anodi (pini ya kutoa sauti), 1.5k kwenye kathodi (pini ya upande wa graundi), alafu kapasita ya 0.1µF ya volti 400 ipeleke sauti kwenye gridi (mlango wa sauti) ya EL84 ambayo ni pini 2, na rezista ya 470k kutoka hapo mpaka graundi. Kathodi ya EL84 ni pini 3, weka rezista ya omu 130 na kapasita ya 220µF sambamba mpaka graundi. Waya za heta zisokote vizuri uzipitishe pembeni mwa chesisi, la sivyo utasikia mvumo hadi ukome.

Sasa hapa tusichezeane, volti 250 za DC zaua. Funga rezista ya 220k wati 2 sambamba na kapasita kubwa ili chaji iondoke ukizima. Ukitaka kutia mkono, zima, chomoa, ngoja dakika mbili, pima na mita mpaka isome karibu sifuri. Ukipima ikiwaka mkono mmoja uwe mgongoni (kikoi hakina mfuko) na miguuni ndara kavu, na watoto watoke.

Washa mara ya kwanza bila valvu, uone kama DC yafika 270 hivi. Sawa? Zima, subiri chaji iishe, tia valvu na UUNGE SPIKA, manake ampu ya valvu ikipiga bila spika yaweza kuchoma ile transfoma uliyoitafuta kwa shida. Washa, ngoja heta zipate moto, pima kathodi ya EL84. Ikisoma karibu volti 7 uko salama, ikipanda mpaka 12 zima haraka, mara nyingi ni ile kapasita ya 0.1 inavujisha, na ya kutoka redio kuukuu mimi siiamini hata iwe nzuri kwa macho.

Chumvi nayo bana. Hapa kwetu pini na soketi zaota kutu ya kijani, hasa msimu wa kusi, kwa hivyo chukua soketi za kauri, na sauti ikianza kukwaruza zima, ngoja chaji iishe, chomoa valvu usugue pini na spiriti kabla hujalaumu kitu kingine.

Utapata wati 5 hivi. Kwa spika vidogo vya siku hizi ni chache, lakini spika kubwa la zamani la karatasi likipigwa udi wa Zein l'Abdin, hizo wati 5 zajaza sebule na jirani anasikia.