Jinsi ya kukata tiketi ya kulala ukiwa Manyoni

Treni ya umeme ilianza kubeba abiria mpaka Dodoma Julai 2024, lakini mtu wa Manyoni anayekwenda Tabora, Mwanza au Kigoma bado anategemea treni ya zamani, kwenye ile reli ambayo Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914.

Usingoje siku ya safari. Manyoni ni stesheni ya njiani, na treni inatufikia ikiwa imeshabeba watu wa Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma. Nenda dirishani mapema na kitambulisho. Ukichelewa, kinachobaki ni daraja la tatu, yaani kukaa mpaka mwisho wa safari.

Taja unakoshuka, daraja, na kama msafiri ni mwanamke au mwanamume. Hilo la mwisho lina sababu: chumba cha daraja la pili kulala kina vitanda sita, wanawake chumba chao, wanaume chao. Mume na mke hutenganishwa, labda familia ilipie chumba kizima. Daraja la kwanza ni vitanda viwili, na kwa wawili waliooana naona ndiyo nafuu kuliko kupelekeana chai kwenye korido.

Sasa tarehe. Hapa ndipo wengi huumia. Tiketi ikisema Jumatatu 01:00, hiyo ni saa saba usiku wa kuamkia Jumatatu, kwa hiyo unatakiwa uwe stesheni Jumapili usiku. Baba yangu mdogo alikuja Jumatatu usiku na madumu yake mawili ya mafuta ya alizeti, akakuta mlinzi na mbwa tu. Kabla hujaondoka dirishani uliza hivi: "Ni usiku wa kuamkia lini?" Kisha soma tena jina, tarehe na namba ya behewa, papo hapo.

Mzigo mkubwa upeleke upimwe mapema, ulipie na kutunza stakabadhi yake pamoja na tiketi.

Masika, uliza pia hali ya njia kati ya Kilosa na Gulwe. Wewe unaelekea magharibi, sawa, ila treni yako inatokea huko, na Mto Mkondoa ukifurika hukata reli. Kama unatokea Sanza au Heka, piga simu stesheni kabla hujapanda bodaboda.