Somo: Kufungua kituo cha kulelea watoto mchana kabla korosho hazijaanza

Wengi mmeniuliza, naweka yote hapa. Nalea watoto Mtwara mjini, mwaka wa sita sasa.

Hatua ya 1. Kabla hujapaka vikatuni ukutani, mwone mtendaji wa mtaa, kisha afisa ustawi wa jamii pale halmashauri. Usajili unaanzia kwake, na msingi wake ni Sheria ya Mtoto ya 2009. Mimi nilitangulia kununua bembea. Afisa alipokuja hakuitazama, akaenda moja kwa moja chooni. Tundu lilikuwa la mtu mzima! Bembea ikangoja, fundi akaitwa.

Hatua ya 2. Uzio, geti, jiko mbali na watoto. Pipa la maji lifunikwe; mtoto wa miaka miwili huzama hata kwenye ndoo.

Hatua ya 3. Walezi. Hapa usibane matumizi. Kwangu mlezi mmoja hazidishi wachanga watatu. Anayeongea na mtoto huku anambadilisha nepi, huyo mng'ang'anie. Midoli itakuja.

Hatua ya 4. Saa. Oktoba, msimu wa korosho, mama yuko shambani alfajiri. Ukifungua saa mbili, mtoto keshaachiwa dada yake wa darasa la nne, na shule imemkosa. Nafungua saa kumi na mbili. Ada wengine hulipa baada ya mnada wa korosho, andikishaneni, asaini.

Hatua ya 5. Daftari la getini: nani kaleta, nani atachukua. Mjomba asiyeandikwa haondoki na mtoto, hata akinuna.

MASWALI

Mama wa Newala: Nina sita wa majirani hapa nyumbani, nao nisajili?
Jibu: Kaulize ustawi wiki hii, dada. Wakukute umeshajitambulisha.

Mwanachama, Masasi: Shikamoo mwalimu. Wanakuja na korosho mfukoni, niwazuie?
Jibu: Marahaba. Korosho nzima humkaba mtoto mdogo, chukua. Iliyosagwa tia kwenye uji, ila muulize mama kwanza kama inamdhuru. Na mama anayebangua anawe vizuri kabla ya kumbeba. Mafuta ya ganda yanaunguza ngozi.

Baba wa Nachingwea: Mtoto akipata homa mchana?
Jibu: Usimpe kidonge cha kubahatisha. Mpigie mama, asipopatikana, zahanati akapimwe malaria. Ndiyo maana nachukua namba mbili, na ya pili isiwe ya mtu anayekwenda naye shamba lile lile.