Jinsi ya kuwafundisha semantiki watu wanaotunza data (usianze na RDF jamani)

Walimu wengi wa semantiki, yaani maana ya data, wanaanza na RDF (namna ya kuandika data kama sentensi fupi za sehemu tatu) siku ya kwanza, watu wanamwagiwa URI (anwani ndefu za kutambulisha vitu) na mabano wakati kazi yao ya kila siku ni kusafisha majedwali, kabla ya mapumziko wameshachoka. We anza na jedwali lao wenyewe.

Chukua safu moja tu, tuseme imeandikwa "tarehe" na ndani kuna 03/04/2021. Kila mtu aandike kivyake hiyo tarehe ni ya nini, bila kuchungulia kwa mwenzake. Mmoja ataandika siku sampuli ilipochukuliwa, mwingine siku ilipofika maabara, mwingine siku ilipoingizwa kwenye kompyuta, na hapo bado hamjabishana kama ni Aprili 3 au Machi 4. Lazima atokee mtu aseme tufuate ISO 8601, kile kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe, tuandike 2021-04-03 yaishe. Sawa, muulize, ila ni siku ya nini? Hapo ndo somo linaanza, wameona wenyewe kumbe muundo ni kitu kingine na maana ni kitu kingine.

Anayeona hayo ni maneno tu msimulie Mars Climate Orbiter, chombo cha NASA kilichotumwa Mirihi kikapotea 1999, programu moja ilitoa namba za msukumo kwa kipimo cha pauni, nyingine ikazisoma kama nyutoni, basi.

Halafu uhusiano wa maneno, na hapa usikimbie kabisa. Kwenye SKOS (mfumo wa kupanga orodha za istilahi) unaweza kuweka "gurudumu" chini ya "gari" na hakuna shida, ule ni msamiati wa kusaidia kutafuta. Ukiiga hivyo hivyo kwenye ngazi za ontolojia, pale unapoiambia kompyuta kipi ni aina ya kipi, umeshasema kila gurudumu ni gari, na kompyuta itakubali bila kubisha! Wazoee kujiuliza kwa sauti, "je, kila A ni B?" Mi naona hili swali moja linaokoa kazi nyingi kuliko slaidi zote.

RDF sasa inakuja yenyewe, ni kiima, kiarifu na yambwa tu: sampuli 12, ilichukuliwa, 2021-04-03. Waandike kwenye vikadi kwanza, kompyuta baadaye.

Kuwapima, kila mtu aandike maelezo ya safu zake, ampe mwenzake ambaye hajawahi kuliona hilo jedwali ajaze mstari mmoja kwa kusoma hayo maelezo tu, bila kuuliza kitu. Pale atakapokwama ndo pa kuandika upya.