SOMO: Namna ya kufuatilia watu wanaohama ghafla kwa mafuriko au vita

Wakuu salaam. Somo hili ni kwa ajili ya mlio kwenye kamati za maafa, mashirika madogo, vikundi vya kujitolea, hata waandishi wa habari, mana maji yakijaa au risasi zikilia swali la kwanza huwa ni lile lile, wameondoka wangapi na sasa hivi wako wapi, na majibu yanayozagaa masaa ya mwanzo mara nyingi hayana kichwa wala miguu. Mmoja anasema elfu mbili, mwingine elfu ishirini. Na maturubai, maji safi na dawa vinapelekwa kwa kufuata hizo hizo namba, kwahiyo namba ikikosewa kuna mama atalala nje na watoto wakati kwingine mzigo umerundikana.

Kitu kimoja mkishike kabla hatujaanza: hii sio sensa. Unachofuatilia ni TUKIO. Kundi fulani limetoka mahali fulani, siku fulani, limefika mahali fulani, kwa sababu fulani. Hicho ndo kipande kimoja cha taarifa, na ukikipata kikiwa kizima ndani ya siku moja hadi tatu kina faida kubwa kuliko orodha safi ya majina itakayokamilika mwezi ujao. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, lina mfumo wa kufuatilia watu waliohama unaoitwa DTM, ulioanzia Iraq mwaka 2004, na ndani yake kuna chombo cha dharura kinachofanya kazi kwa mtindo huu wa tukio moja moja. Ninayoeleza hapa yanaendana na huo mtindo ila yanafanyika hata kwa daftari na simu ya vitufe.

HATUA YA 1: Jiandae kabla

Tengeneza orodha ya watoa taarifa kila eneo. Usiweke viongozi peke yao, weka na mwalimu, mhudumu wa afya, mama anayejulikana na wenzake, dereva wa njia hiyo, mwenye mtumbwi. Angalau watatu wasiotegemeana, mana ukiwa na watatu halafu wote wamesikia kwa mwenyekiti mmoja, hapo una mtu mmoja tu.

Pia uwe na orodha ya majina ya maeneo pamoja na namba zake rasmi za utambulisho (code) za kiutawala. Watu wanaidharau hii, lakini vijiji vinavyofanana majina viko kila nchi, na ripoti inayosema watu wamefika sehemu fulani bila kusema ipi inaweza kupeleka gari la msaada upande usio wenyewe. Weka na makadirio ya wakazi wa kila eneo kabla ya tukio. Yatakusaidia hatua ya 4.

HATUA YA 2: Tetesi ikiingia, ipime

Weka kiwango mapema, kwamba ukisikia kaya kadhaa zimehama kwa mkupuo unaanza kupiga simu, chini ya hapo unaandika na kusubiri. Kwa mafuriko una msaada wa setilaiti. Zile za rada kama Sentinel-1 ya Ulaya zinaona maji hata kukiwa na mawingu au usiku, na UNOSAT ya Umoja wa Mataifa hutoa ramani za maeneo yaliyofunikwa na maji. Ila ramani inakuonyesha maji, haikuonyeshi watu. Kuna waliohamia juu ya tuta wakabaki hapo hapo, kuna waliotoka kabla maji hayajafika, kwahiyo usichukue idadi ya wakazi wa eneo lililofunikwa ukaiandika kama idadi ya waliohama.

Kwa vita picha hazisaidii sana siku za mwanzo. Hapo sikiliza wanaotembea: makondakta, wachuuzi, wahudumu wa zahanati iliyo upande wa kukimbilia.

HATUA YA 3: Piga simu, uliza vizuri

Hapa ndo kazi yote ilipo kwahiyo nitakaa kidogo. Tuseme umempigia kiongozi wa mahali watu walipofika.

– Shikamoo mzee, poleni na matatizo. Tumesikia mmepokea wageni.
– Marahaba mwanangu. Ndiyo, wamekuja wengi sana, kama mia tano.

Wengi wanaishia hapo wanaandika 500 wanakata simu. Endelea:

– Mia tano watu au mia tano familia?
– Ah, watu. Familia zitakuwa kama themanini na kitu.
– Umewaona mwenyewe au umeambiwa?
– Walioko shuleni nimewaona. Wa kule kanisani nimeambiwa na katibu.
– Walifika lini, kwa mara moja?
– Wa shuleni jana usiku. Wa kanisani wanaendelea kuja.
– Wametoka wapi?
– Wengi ng'ambo ya mto, maji yameingia ndani. Ila wale wa kanisani wanasema kwao kulipigwa risasi.

Mmeona? Simu moja, kumbe ni matukio MAWILI, sababu mbili na asili mbili tofauti, na kundi moja bado linaongezeka. Ukiandika mia tano wa mafuriko umeshapoteza nusu ya habari. Malizia na maswali ya hali yao: wanalala wapi, maji wanatoa wapi, kuna wagonjwa, wajawazito, wazee, watoto waliofika bila wazazi, na wana mpango wa kubaki au kusonga mbele. Hilo la mwisho usilisahau.

HATUA YA 4: Pata idadi

Kama una kaya tu, zidisha kwa wastani wa watu kwa kaya wa eneo hilo, lakini kumbuka kwenye vita mara nyingi wanaotangulia ni kina mama na watoto huku wanaume wamebaki kulinda mali au wamejificha, kwahiyo kaya iliyofika sio kaya nzima. Andika kiwango cha chini na cha juu badala ya namba moja. Halafu linganisha na wakazi wa kule walikotoka: kama kijiji kina watu 900 na unaambiwa wamekuja 1,400 kutoka hapo, kuna vijiji vingine vimechanganywa au kuna mtu kaongeza.

HATUA YA 5: Usihesabu watu wale wale mara mbili

Kanuni ni kuhesabu walipofika, sio walikotoka wala njiani. Kundi likihama tena, fungua tukio jipya lakini liunganishe na lile la kwanza, na ulitoe kwenye idadi ya pale walipokuwa. Tofautisha waliohama (idadi ya mienendo, yaani safari za kuhama) na waliopo (idadi ya watu leo). Mfano wa wazi ni takwimu za kituo cha IDMC kinachofuatilia wanaohama ndani ya nchi zao: mwaka 2024 maafa yalisababisha mienendo milioni 45.8 duniani, vita na ghasia milioni 20.1. Lakini mwisho wa mwaka huo waliokuwa bado hawajarudi, wa maafa walikuwa milioni 9.8 na wa vita milioni 73.5. Maji yanasukuma watu wengi ila wengi wanarudi yakikauka, vita inawashikilia miaka. Ukichanganya hivyo vitu viwili kwenye safu moja jedwali lako halina maana tena.

HATUA YA 6: Toa ripoti, lakini linda watu

Ukurasa mmoja unatosha. Kila namba iwe na tarehe, chanzo, na kiwango cha uhakika: imeonwa, imethibitishwa na wawili, au tetesi. Usiweke majina, namba za simu, kabila wala dini. Kwenye vita usitangaze hadharani jengo lenyewe walipojificha watu, taja eneo kubwa kwa umma na hayo mengine wape wanaopeleka msaada tu, kwa njia salama. Hapa sina utani kabisa, kuna watu wanatafutwa na ripoti yako inaweza kumfikia anayewatafuta.

HATUA YA 7: Rudi tena

Piga baada ya siku mbili tatu, kisha kila wiki. Hali inabadilika haraka.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu asante kwa somo. Viongozi wengine wanapandisha idadi ili wapate msaada mwingi, unawagunduaje bila kuwavunjia heshima?

Jibu: Usimbishie. Mwombe akugawie hiyo idadi, shuleni wangapi, kanisani wangapi, majumbani wangapi, halafu jumlisha wewe. Namba ya kubuni ikigawanywa huwa haijumlishiki vizuri. Kisha mpigie mtoa taarifa mwingine umuulize sehemu moja tu, kwa mfano madarasa mangapi yamejaa. Na usifikirie kila anayeongeza ni mwizi, mwingine ameshawahi kuletewa nusu ya mahitaji kwahiyo anajihami.

Swali: Je wanaofikia kwa ndugu zao majumbani tunawahesabu? Hapa kwetu hawaendi kambini kabisa.

Jibu: Ndugu yangu hao ndo wanaosahaulika kuliko wote, na mara nyingi ndo wengi. Lazima uwahesabu. Uliza kwa mitaa, nyumba ngapi zimepokea wageni na kwa wastani wangapi kila nyumba. Andika pia hali ya mwenyeji, mana kaya ya watu sita ikipokea saba chakula kinaisha mapema na wote wawili wanahitaji msaada.

Swali: Hivi hao ni wakimbizi au sio? Naona kila mtu anaandika anavyotaka.

Jibu: Aliyevuka mpaka wa nchi akikimbia vita au mateso ndo mkimbizi kisheria. Aliyehama ndani ya nchi yake, iwe kwa vita au mafuriko, ni mkimbizi wa ndani. Kwa Afrika kuna Mkataba wa Kampala wa 2009 unaohusu hao wa ndani, ulioanza kutumika Desemba 2012 na unataja maafa ya asili pia, kwahiyo serikali zilizouridhia zina wajibu kwa hao wa maji sawa na wa risasi.

Swali: Kwanini tusitumie data za mitandao ya simu tu? Si zinaonyesha laini zimehamia wapi?

Jibu: Zinasaidia sana zikipatikana. Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010 watafiti walitumia mienendo ya laini za simu wakakadiria watu kama 630,000 walikuwa wametoka Port-au-Prince, na baadaye ikaonekana wengi walielekea kule kule walikokuwa sikukuu za Krismasi, yaani kwa watu wao. Hilo lenyewe ni somo, kabla ya maafa uliza watu wa eneo fulani wana ndugu upande gani. Ila inabidi kampuni ikubali, data ifichwe utambulisho, na mnara uwe hai. Watoto na wasio na simu hawamo. Na kwenye vita kumpa mtu data ya nani yuko wapi ni hatari, bora uikose.

Swali: Sehemu yenye vita NA mafuriko unaandika sababu ipi? Na unaacha lini kumhesabu mtu, kambi ikiwa tupu inatosha?

Jibu: Andika sababu iliyomtoa safari HII, na weka safu nyingine ya sababu ya kwanza. Bentiu, Sudan Kusini, kuna watu walikimbia vita iliyoanza 2013, halafu kuanzia 2021 mafuriko yakaizunguka kambi yao wakawa wanaishi katikati ya matuta ya kuzuia maji, ukiandika mafuriko peke yake utadhani maji yakipungua wataenda kwao. Kuhusu kambi tupu, hapana, haitoshi. Mwanzoni mwa 2025 kambi nyingi kuzunguka Goma, mashariki mwa Kongo, zilibaki tupu ndani ya muda mfupi baada ya waasi wa M23 kuuteka mji, wengine walirudi vijijini kukuta nyumba zimebomoka, wengine walienda kwa ndugu au kambi nyingine. Kambi ikitoweka fungua tukio jipya, tafuta wamefika wapi na kama walichagua wenyewe. Mtu unamtoa kwenye hesabu pale anapokuwa na mahali pa kuishi kwa usalama, ametulia hapo, na hana tena shida zinazotokana na kule kuhama. Kama hujui yuko wapi, mwandike "hajulikani alipo", usimwandike "amerudi".