Apdeti ikikukuta katikati ya msimu wa korosho

"Mjomba, hii kompyuta nani kaichezea?"

Hayo ndiyo maneno aliyonipokea nayo mpwa wangu asubuhi moja ya Novemba, kwenye chumba changu cha uani hapa Mikindani, huku AMCOS moja, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ikisubiri jedwali la uzito wa magunia yaliyokwenda ghala kuu. Usiku wa kuamkia siku hiyo VS Code, kihariri ninachoandikia kodi (maagizo ya kompyuta), iliniomba iwashwe upya ili ikamilishe apdeti. Nikabonyeza. Sikusoma kitu, nilikuwa na njaa. Kumbe wiki mbili nyuma niliunganisha Copilot mwenyewe, ile akili mnemba ya kukusaidia kuandika kodi, nikaisahau, na sasa maandishi ya kijivu yalikuwa yanajitokeza mbele ya kishale, yanakisia mstari unaofuata.

Mpwa wangu amezoea Tab kusogeza mstari ndani. Akabonyeza Tab. Maandishi ya kijivu yakakubaliwa, yakawa sehemu ya kodi, na ndani yake mlikuwa na hesabu ya kutoa kilo moja na nusu kwa kila gunia. Namba hiyo hakuna aliyeitaja kwetu. Yeye hakuiona, nami sikuiona. Aliyeiona ni katibu wa AMCOS, ambaye anatunza daftari lake la mkono na hajawahi kuniamini moja kwa moja. "Fundi, kilo zangu zimeliwa wapi?" Huku kwetu, msimu wa korosho, swali hilo halina utani. Ukionekana umepunja kilo, jina la kangomba, mnunuzi wa magendo anayepunja wakulima, linakuganda mpaka mikorosho ichanue tena.

Kosa lilikuwa langu, nikalilipia kwa kukesha. Tangu hapo nina utaratibu wa kupokea toleo jipya, na vijana wawili ninaowafundisha nimewalazimisha waufuate.

La kwanza, usifute programu ukaiweka upya. Kila mtu hukimbilia huko, na ni kupoteza bando bure: faili la kupakua ni kubwa, na setingi zako haziguswi, kwa hiyo unakirudia kihariri kilekile kilichokuudhi. Fungua menyu ya Help, ingia About, andika namba ya toleo kwenye daftari. Menyu hiyohiyo ina Release Notes. Pitia vichwa vya habari tu, dakika tano zinatosha. Kisha nakili faili la settings.json, uliweke pembeni. Kwenye Windows liko ndani ya %APPDATA%\Code\User, kwenye Linux ndani ya ~/.config/Code/User.

Halafu jiulize kinachokukera ni cha aina gani: kimehama, kimeongezwa, au kimevunjika? Mimi nimeona hasira za siku ya kwanza nyingi ni za kitu kilichohama. Mkono unakwenda mahali palepale pa jana, hakipo, moyo unachafuka. Kilichohama kinatafutwa kwa Ctrl+Shift+P: andika neno lolote linalokihusu, amri itatokea. Safu ya alama iliyo pembeni inaweza kukaa juu, chini au kufichwa kabisa, kwa setingi ya workbench.activityBar.location. Na kama hukumbuki ni yapi uliyoyabadilisha wewe mwenyewe zamani, fungua setingi kwa Ctrl na alama ya mkato (,), kisha andika @modified. Utaona orodha ya uliyoyagusa. Mara mbili nimekuta ninalaumu apdeti kwa jambo nililolifanya kwa mkono wangu.

Kilichoongezwa kina swichi yake. Ile mistari inayong'ang'ania juu ya ukurasa unaposhuka, inayokuonyesha uko ndani ya funksheni gani, inaitwa sticky scroll. Ilipoanza mwaka 2022 ilikuwa imezimwa, baadaye ikaja ikiwa imewashwa tayari. Binti ninayemfundisha aliichukia siku ya kwanza, akasema inamlia nafasi kwenye kioo chake kidogo. Nikamwomba akae nayo wiki moja. Hii ndiyo kanuni yangu kwa kila kilichoongezwa ambacho hakigusi matokeo ya kazi: wiki moja, kisha uamuzi. Ukiamua kuizima, ni editor.stickyScroll.enabled, iweke false.

Kinachogusa matokeo sikipi hata saa moja. Maandishi ya kijivu nimeyazima kwa editor.inlineSuggest.enabled kuwa false kwenye folda zote zenye hesabu za watu. Unaweza kuiweka ndani ya faili la .vscode/settings.json la mradi wenyewe, ili kazi nyingine zisiguswe. Asiyetaka kabisa habari za akili mnemba, matoleo ya karibuni yana chat.disableAIFeatures, ambayo inaondoa hata vile vitufe. Sisemi kitu chenyewe ni kibaya. Kwa kuandika fomu za kawaida kinanisaidia sana. Kwa kilo za mkulima, hapana.

Kilichovunjika ndicho kinachotaka subira. Mara nyingi kihariri chenyewe ni kizima, na mgonjwa ni eksitensheni fulani, yaani kiongezo ulichokipachika, ambayo haijaendana na toleo jipya. Anza kwa kufungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, andika code --disable-extensions. Tatizo likitoweka, mchawi yuko kwenye eksitensheni. Sasa usizizime mojamoja kama mtu anayechambua mchele. Bonyeza Ctrl+Shift+P, andika Start Extension Bisect. Itazima nusu, ikuulize: bado? Ukijibu, inagawa tena nusu ya zilizobaki. Ukiwa na eksitensheni 16, maswali kama manne tu mbaya wako anapatikana. Ukishamjua, mbofye kwa kitufe cha kulia, chagua Install Specific Version, urudi kwenye toleo lake la nyuma, na uondoe alama ya Auto Update kwake peke yake.

Kurudi nyuma kwa kihariri kizima ni dawa ya mwisho. Kila ukurasa wa maelezo ya toleo una viungo vya kupakua toleo hilohilo. Tafuta faili la zip la toleo hilo, hata kama haliko kwenye viungo hivyo, lifungue kwenye folda yake, na ndani yake tengeneza folda uipe jina data. Hapo setingi na eksitensheni zote zitakaa humo, hazitagusana na zile za kihariri chako cha kila siku. Mimi ninafanya kinyume chake vilevile: toleo jipya ndilo ninaliweka kwenye folda ya namna hiyo, nalionja kwanza, la zamani likiendelea na kazi. Na kuanzia Oktoba mpaka minada iishe, update.mode yangu ni manual. Sio none, maana marekebisho ya usalama bado nayataka, ila kwa siku ninayoichagua mimi. Kama una laptopu ya mtumba yenye Windows 7, usihangaike kutafuta: toleo la 1.70.3 ndilo la mwisho kuikubali.

Ukishajua tatizo ni la kihariri kweli, lalamika, maana malalamiko yanasikika. Mwaka 2017 Microsoft, wenye VS Code, waligeuza alama yake ya bluu ikawa ya rangi ya chungwa, watumiaji wakaja juu, bluu ikarudi. Mwanzoni mwa 2024, toleo la 1.86 lilikataa kuunganisha sava za Linux zilizozeeka, zile zenye glibc, maktaba ya msingi ya mfumo, chini ya toleo la 2.28. Watu waliamka hawaingii kwenye sava zao za kazi. Kelele zikapigwa, masharti yakalegezwa kwa mwaka mmoja, na toleo la 1.99, lililotoka Aprili 2025, likayarudisha. Yaani walipewa muda wa kuhama, wala hawakusamehewa.

Ila kuna kulalamika na kulalamika. "Mmeharibu kila kitu" haimsaidii fundi wa Marekani wala wa Mikindani. Tumia Help, kisha Report Issue. Namba ya toleo na mfumo wa kompyuta vinajazwa vyenyewe. Wewe andika hatua: nilifungua hiki, nikabonyeza hiki, nilitegemea hiki, nikapata hiki. Kabla ya hapo tafuta kama kuna mwenzako ameshaandika, umwekee dole gumba. Dole lina thamani: ombi la kitu kipya likishawekwa kwenye orodha ya kusubiri linapewa siku 60 kupata kura 20, lisipozipata linafungwa.

Siku hizi ukutani juu ya meza kuna karatasi ya mwandiko wangu: MNADA UKIWA WAZI, HAKUNA APDETI. Juzi nimekuta mpwa ameongeza mstari kwa kalamu nyekundu: "Na mjomba ale kwanza ndipo aguse kompyuta." Binti naye wiki yake ya majaribio imekwisha zamani. Sticky scroll hajaizima.